Nani ana ufunguo wa pampu?

Mhariri,

Jumapili mbili zilizopita, tumetoka kanisani na ndizi ziko jikoni, binti wa kaka yangu alifika kwangu Soweto, hapa Moshi, akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Alinipa shikamoo, akakaa, akatoa karatasi mbili. "Shangazi, wamenikubali kote kuwili. Niende wapi?"

Ana shahada ya uhandisi wa mazingira na ametafuta kazi kwa miaka miwili. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Nilivaa miwani nikasoma.

Karatasi ya kwanza ilitoka kwenye kampuni moja ya Arusha, ofisi zake ziko Njiro. Cheo ni Ofisa Uendelevu. Atakusanya takwimu za maji, umeme na taka kutoka vituo vya kampuni, ataandaa ripoti ya mwaka, atasimamia siku za kupanda miti, ataandika habari za kuweka mtandaoni. Tangazo lilisema wazi kwamba mwenye bidii atapanda hadi kuwa Mkuu wa Uendelevu, na atakuwa chini ya Meneja Mawasiliano. Karatasi ya pili ilitoka kwenye mtambo wa wakulima wa kumenya kahawa, huko juu Kibosho nilikozaliwa. Wanataka mtu wa kuangalia maji yanayoingia na yanayotoka. Mkataba ni wa msimu, mshahara unakaribia nusu ya ule wa Arusha, na buti ajinunulie.

Nilimuuliza swali moja tu. "Ukiona maji mabaya yanakwenda mtoni, nani ana ufunguo wa pampu?"

Kuhusu Arusha alifikiri kidogo akasema hajui, labda meneja uzalishaji wa kila kituo. Kuhusu Kibosho alicheka. "Shangazi, kule nitakuwa nao mimi, maana hakuna mwingine."

Ndiyo sababu nimekaa kuandika barua hii. Siku hizi kila wiki naona matangazo ya kazi za uendelevu kwenye makampuni, na vijana wetu wanazikimbilia kwa haki kabisa. Ni kazi njema, zinahitajika, na zitaongezeka. Ila naona makampuni mengi yanamweka mtu huyu mahali ambapo hawezi kuzuia hata ndoo moja ya uchafu. Naomba nieleze kwa nini jambo hili linaniuma.

Nilianza kazi mwaka 1989 kwenye kiwanda cha kusindika mazao mkoani Kilimanjaro. Sitakitaja jina kwa sababu sikuja kukishtaki, na waliokuwepo wengine wamelala. Nilianza kwa kuosha chupa za maabara. Baadaye nikafundishwa kupima, nikapelekwa kozi, nikawa fundi maabara wa maji, na ilipokuja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za tathmini na ukaguzi za mwaka 2005, kiwanda kikatafuta mtu wa kuitwa Ofisa Mazingira. Nikaitwa mimi. Nilistaafu mwaka 2021.

Kipimo kilichotawala maisha yangu ni kile tunachokiita BOD. Unachota maji yanayotoka bwawa la mwisho la majitaka, unayafunga kwenye chupa, unayaweka kwenye kabati lenye nyuzi 20 kwa siku 5, kisha unaangalia vijidudu wamekula oksijeni kiasi gani. Kadiri maji yalivyo machafu, ndivyo wanavyokula zaidi, na mto unaopokea maji hayo ndivyo unavyokosa pumzi. Kiwango cha nchi yetu kwa maji yanayotolewa ni miligramu 30 kwa lita. Siku 5, Mhariri! Majibu yanapotoka, maji yenyewe yameshashuka zamani kuelekea Nyumba ya Mungu. Umeme ukikatika usiku wa tatu, unamwaga na kuanza upya.

Kwa hiyo mtu wa kazi hii anajifunza kusoma kwa macho. Bwawa la pili likiwa kijani, moyo unatulia, maana mwani upo na unatengeneza hewa. Likigeuka kijivu cha majivu, limelemewa. Likianza rangi ya waridi inayokaribia zambarau, bakteria wa salfa wameshika nyumba, na hapo hakuna haja ya kusubiri siku 5. Hayo hayakuwa kwenye kitabu nilichopewa. Niliyajua kwa kutembea kingo za yale mabwawa kila asubuhi na kila jioni, miaka nenda rudi, hadi mbwa wa mlinzi akawa ananifuata.

Mwaka 2007 mkubwa wangu wa wakati huo aliniagiza nichote sampuli ya ripoti saa 11 alfajiri, kabla zamu ya kuosha haijaanza. Nilichota. Ikasoma 24. Kila mtu akafurahi, na ile 24 ikaingia kwenye ripoti yenye jalada la kijani na picha ya mlima. Mchana wa siku ile ile nilikuwa nimechota chupa nyingine kwa ajili ya roho yangu. Ikasoma 180. Niliiandika kwenye daftari langu, na daftari nimelitunza miaka yote hii. Chini ya bomba letu kulikuwa na kina mama waliokuwa wakinywesha mbuzi na kufua. Nilikuwa nikiwasalimia kwa majina. Kwa wiki nyingi baada ya hapo nilipita njia nyingine.

Nilikuwa na cheo, Mhariri. Nilikuwa na meza na kofia ya usalama yenye jina langu. Nilialikwa kwenye semina. Ufunguo wa pampu ya kutolea maji ulikuwa kwa msimamizi wa zamu, naye alipimwa kwa tani alizotoa na si kwa kitu kingine. Nilipomwambia asimamishe, alinijibu kwa upole kabisa, "Mama, niletee karatasi ya mkubwa." Hakuwa mtu mbaya. Angesimamisha, angekatwa bonasi.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani siku zile nilikuwa namfikiria sana marehemu baba. Hakuvuka darasa la nne. Alikuwa msimamizi wa mfongo, ule mfereji unaotoa maji msituni na kuyagawa vihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani. Usiku wa zamu yenye ugomvi aliamka na taa ya chemli kuutembea mfereji mzima, akigusa kila mlango wa udongo na majani ya migomba. Aliyefungulia siku isiyo yake alitozwa, na asiyefika siku ya kuzibua alitozwa pia. Baba aliweza kuziba mlango wa mtu yeyote, hata wa mchili, kiongozi wa mtaa, na mtu huyo akanyamaza, kwa sababu watu wote wa mfereji walikuwa wamekubaliana kumpa mamlaka hayo. Hakuandika ripoti hata moja. Sisemi ripoti hazina kazi, nimeziandika nusu ya maisha yangu. Nasema baba alikuwa na jembe na ruhusa ya kulitumia.

Mabadiliko kwetu hayakuletwa na mkaguzi. Yaliletwa na mhasibu. Mwaka 2012 tulipata mhasibu mkuu mpya, mama mmoja mkimya, ambaye badala ya kuniita ofisini alikuja maabara na kuniomba nimtembeze. Alitaka kujua kwa nini gharama ya mafuta ya boila inapanda wakati uzalishaji haupandi. Tulifuata bomba la mvuke kutoka boila hadi mwisho. Mvuke ukishafanya kazi yake hugeuka maji ya moto, masafi, ambayo umekwisha kuyalipia mafuta na dawa. Sisi tulikuwa tunayamwaga mtaroni. Yule mama alisimama pale mtaroni akitazama moshi wake kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Haya yote ni hela?"

Mafundi boila wana kanuni yao: kila nyuzi 6 unazoongeza kwenye maji yanayoingia boila zinakupunguzia mafuta kwa takriban asilimia 1. Maji yetu yalikuwa yanaingia na nyuzi 22, baridi ya mlimani. Tulipovuta bomba la kuyarudisha maji ya mvuke, kuziba mivujo na kufunika mabomba, yakaanza kuingia na nyuzi 70. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa darasa la saba anaifanya: ni kama asilimia 8 ya mafuta. Bomba lilijilipa kabla mwaka haujaisha. Na jambo ambalo mhasibu hakulitarajia, ila mimi nililiombea, ni kwamba yale maji ya moto yaliyokuwa yakiwaunguza vijidudu wa bwawa la kwanza hayakufika tena. Miezi miwili baadaye bwawa la pili lilikuwa kijani.

Baada ya hapo yule mama alikwenda kwa mkurugenzi akasema kitengo changu kihamishwe. Tulikuwa tumewekwa pamoja na uhusiano wa umma na zawadi za sikukuu. Tukawekwa chini ya mkurugenzi mwenyewe, pamoja na uzalishaji na fedha. Ikaandikwa kwamba lango la bwawa la mwisho halifunguliwi bila sahihi ya maabara, na katika kupima utendaji wa msimamizi wa zamu wakaongeza kipimo cha maji. Yule yule aliyekuwa akiniambia nilete karatasi akaanza kunipigia simu saa nane usiku kuniuliza, "Mama, rangi hii vipi?"

Kwa miaka tisa iliyobaki nilifanya kazi ya kiongozi. Mshahara haukupanda sana, cheo kilibaki kile kile.

Mwaka ule ule wa sheria yetu, 2004, kampuni ya DuPont ya Marekani ilimpa mama mmoja, Linda Fisher, cheo cha ofisa mkuu wa uendelevu. Wengi humtaja kuwa wa kwanza kushika cheo hicho kwenye kampuni kubwa iliyoko soko la hisa. Alikuwa mwanasheria, na kabla ya hapo alikuwa naibu mkuu wa shirika la serikali yao la kulinda mazingira. Maana yake, waliomchukua walijua anazijua sheria kwa upande wa mwenye rungu. Nilipolisikia hilo kwenye kozi nililikumbuka kwa sababu kwetu, wakati huo huo, wengi waliopewa cheo cha mazingira walikuwa wale ambao kazi zao nyingine zilikuwa zimepungua.

Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira, ISO 14001, kilipotolewa upya mwaka 2015 kiliitaka menejimenti ya juu yenyewe iwajibike, na mambo ya mazingira yaingizwe ndani ya shughuli za kila siku za biashara. Kuna kampuni zenye cheti hicho ukutani, mapokezini. Ningependa wakurugenzi wao wakisome kile kifungu cha uongozi wakiwa wamefunga mlango.

Ajira hizi zitaongezeka, na si kwa hisani ya mtu. Chukua kahawa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka kahawa inayoingia kwao isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Kuanza kutumika kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawakusubiri, walishaanza kuuliza. Wanataka kujua kila gunia limetoka shamba gani, na shamba hilo liko wapi juu ya ramani. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kuwekewa nukta moja ya latitudo na longitudo. Sasa wewe hesabu vihamba vya Kibosho, Uru, Machame na Marangu, kimoja hakifiki hekta, vingine vimegawanywa kwa watoto watano. Nani anakwenda kuweka nukta hizo? Ni kijana mwenye simu na miguu, anayejua kubisha hodi, anayejua kwamba mzee wa nyumba hii na mdogo wake hawasemezani kwa sababu ya mpaka ule ule anaotaka kuupima. Kampuni ya ununuzi ikikosa kijana huyo, ina hatari ya kukosa soko. Mkoa huu ulianzisha chama chake cha ushirika, KNCU, mwaka 1933 ili wakulima wauze kahawa yao wenyewe. Leo kijana anayeweka nukta kihambani anafanya sehemu ya kazi hiyo hiyo, na mimi namhesabu kuwa yuko kwenye ngazi ya kwanza ya uongozi wa uendelevu, hata kama hana kiti.

Au chukua hewa ukaa. Utaratibu unaotumiwa na makampuni duniani tangu mwaka 2001 unagawa moshi mafungu matatu: unaotoka kwenye majiko, majenereta na magari yako mwenyewe, unaotokana na umeme unaonunua, na ule wa wengine wote, waliokuuzia mbolea na vifungashio na watakaochemsha kahawa yako huko iendako. Binti yangu huyu alinieleza mafungu hayo vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi. Nikamwuliza lita 1 ya dizeli ikiungua inatoa kilo ngapi za hewa ukaa. Akasema takriban 2.7. Nikamwuliza inakuwaje lita isiyofika hata kilo moja itoe kilo 2.7, akajibu papo hapo kwamba kaboni inachukua oksijeni ya hewani. Ana akili nzuri. Lakini nilipomwuliza jenereta la kawaida la kiwanda linakula lita ngapi kwa saa, na utajuaje kama dereva wa tangi ameandika 200 akamimina 180, alinyamaza. Hakuna aliyemfikisha kwenye jenereta. Mafunzo yake kwa vitendo yalikuwa wiki nane, na sita kati ya hizo aliandika mahudhurio ya semina.

Hapo nina neno na vyuo. Tuna bahati kubwa ukanda huu: Taasisi ya Nelson Mandela iko pale Tengeru, Chuo cha Ushirika kiko hapa hapa Moshi, Mweka, chuo cha wanyamapori, iko juu yetu. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani inatoa vibali vyake kutoka Moshi, na ofisi ya kanda ya NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, iko Arusha. Kule Arusha Chini, kiwanda cha sukari cha TPC wanachoma makapi ya miwa kupata umeme. Mwanafunzi anaweza kuyaona yote haya kwa nauli ya daladala na basi dogo. Mpelekeni akae msimu mzima mahali pamoja, aone kiangazi na masika. Majitaka ya Septemba, mto ukiwa umekauka, si majitaka ya Aprili.

Kwa waajiri ombi langu ni dogo kulisema na gumu kulitenda. Mnapoandika tangazo la Mkuu wa Uendelevu, andikeni pia anaweza kusimamisha nini. Andikeni ana fungu la fedha kiasi gani ambalo anaweza kulitolea sahihi bila kupiga magoti. Mwekeni kwenye kikao kinachopanga kununua boila mpya, kabla haijanunuliwa. Akija kwenye kikao baada ya hapo, kitu pekee mlichomwachia ni kuipaka rangi. Na msidai shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka kumi, halafu mkampa kamera.

Nilimshauri binti aende Kibosho. Nilimwambia misimu miwili pale, akishindana na maji ya ute wa kahawa yenye uchachu wa kuchoma pua, itamfanya aombwe na makampuni badala ya kuyaomba.

Amechagua Arusha. Wadogo zake wawili wako sekondari, na baba yao, kaka yangu, mgongo haumruhusu tena kubeba mizigo. Alinieleza akiwa ameinamisha kichwa kama aliyenikosea. Nilimwambia hajanikosea. Mshahara ni mshahara, na mimi mwenyewe niliwahi kuchota maji saa 11 alfajiri kwa sababu nilikuwa na ada ya kulipa.

Ameanza Jumatatu iliyopita. Ndani ya begi lake kuna buti zangu za mpira, namba 38, zinamtosha, na lile daftari lenye 24 na 180. Kampuni yake ina vituo vitatu vyenye mabwawa ya majitaka, kwa mujibu wa karatasi yenyewe. Meneja Mawasiliano, kama gazeti hili linafika Njiro, nakuomba kwa heshima: Ijumaa moja mpe gari, mwache aende akatembee kingo za yale mabwawa, na akirudi umuulize rangi yake.

Mstaafu wa maabara ya maji,
Soweto, Moshi
(Jina kamili nimemwachia mhariri)